Mlima Ambao Hakuumaliza

Kila alasiri, akishatoka shule na kuvua sare, msichana yule alifunga kikapu cha chakula cha mama yake nyuma ya baiskeli ya babu yake, akaelekea mlimani. Mama alifanya kazi katika chumba cha kufulia mashuka cha hospitali, juu kabisa ya mlima. Msichana alikuwa na umri wa miaka kumi na miwili, na baiskeli alikuwa amejifunza mwezi mmoja tu uliopita.

Akirudi, babu yake, aliyekuwa mgonjwa wa kitandani, alikuwa akimuuliza, "Haya, mjukuu wangu, leo umepanda mpaka juu bila kushuka?"

Siku ya kwanza alitaka kusema kweli: kwamba alishuka kabla ya nusu ya mlima, akaikokota baiskeli huku jasho likimtiririka. Lakini aliona macho ya mzee yanavyong'aa.

"Nimepanda, Babu. Bila kushuka."

Babu akacheka mpaka akakohoa. Tangu hapo akamwita Mshale, na nyumba nzima ikafuata. Uongo ule ukawa wa kila siku.

Jirani yao, fundi baiskeli, hakudanganyika. "Mshale, unauanza mlima kwa pupa," alimwambia siku moja akitia mnyororo mafuta. "Weka gia nyepesi ungali chini. Kaa, pumua, kanyaga taratibu. Mbio ziweke za mwisho."

"Nimeshazoea, Mjomba," alijibu, akaondoka.

Jumamosi moja asubuhi, hali ya Babu ilibadilika. Pumzi zilikuja kwa taabu. "Mwiteni mwanangu," alinong'ona. "Nataka kumwona."

Simu ya Mama ilikuwa imefungiwa kabatini, kama ilivyokuwa desturi ya kazini kwake. Fundi, aliyekuja kumjulia hali mzee, akasimama. "Nitakwenda mimi."

"Wewe nisaidie kumwinua," Bibi akasema kutoka kando ya kitanda cha mumewe. "Mshale atafika sasa hivi. Mlima ule kwake si kitu."

Msichana alitaka kusema kweli, lakini Babu alikuwa akimtazama. Akatoka mbio.

Aliuvamia mlima kwa nguvu zake zote. Kabla ya nusu, mapaja yalimwaka moto, kifua kikambana, baiskeli ikayumba. Alishuka. Alipojaribu kupanda tena akaanguka, goti likachubuka. Akaikokota baiskeli huku analia, akiisihi miguu isiyomsikia.

Mama alipofika nyumbani, Bibi alikuwa amekwisha kumfunika mzee shuka.

"Alikungoja," Bibi alisema. "Ametutoka robo saa tu iliyopita."

Siku ya tatu baada ya mazishi, msichana alimkuta mama yake ameketi kwenye kitanda kitupu.

"Mama, sijawahi kuumaliza mlima ule. Hata siku moja. Nilimdanganya Babu. Siku ile ningesema kweli, Mjomba Fundi angekwenda, nawe ungemkuta."

Machozi yalimdondoka Mama mapajani. Kisha akamvuta binti yake karibu.

"Inaniuma," alisema. "Siwezi kukwambia hainiumi. Lakini babu yako amechukuliwa na ugonjwa, si na wewe. Na mzigo huu ungeubeba peke yako, ungekuvunja mgongo. Umefanya vyema kuutua."

Kesho yake msichana alikwenda kwa fundi. "Mjomba, sijui kupanda mlima. Nifundishe."

Ilichukua majuma sita. Gia nyepesi, pumzi, taratibu. Kila siku hatua chache zaidi ya jana. Hatimaye, alasiri moja, alipita geti la hospitali akiwa bado juu ya tandiko. Hakushangilia. Alimkuta Mama akikunja mashuka, akaweka kikapu mezani.

"Nimefika bila kushuka," alisema. Akasita. "Hapana, Mama. Kwenye kona niliweka mguu chini. Mara moja."

Mama aliliacha shuka, akamtazama.

"Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi," alisema. "Kasi itakuja yenyewe, mwanangu. Mimi nataka mtu ambaye akiniambia 'nimefika', sina haja ya kuchungulia dirishani."