Moto Uliofukiwa Mchanga

Kila alasiri Fundi seremala alifagia karakana yake. Alilundika maranda nyuma ya nyumba, akayachoma. Moto ukipungua, aliufukia kwa mchanga na kujikung'uta mikono. Kwake kazi ilikuwa imekwisha.

Siku ile mkewe hakukalika. Mvua ilikuwa haijanyesha kwa muda mrefu, na nyasi zilikuwa kavu kabisa. Redio ilikuwa imetangaza upepo mkali na dhoruba ya radi. Mke alianika nguo, akazianua, akazianika tena. Kila mara alichungulia chumba cha nyuma. Humo alilala mama mkwe wake, ambaye alikuwa amevunjika nyonga na hawezi kutembea. Ukuta wa chumba hicho ulikuwa wa mbao.

"Mume wangu, leo hukupaswa kuchoma. Redio imesema kuna upepo."

"Redio nayo!" Fundi alicheka. "Wewe ukisikia upepo tu, roho juu. Moto nimeshaufukia. Na mvua ikija, si itamalizia?"

Akabeba kiti cha mteja, akaenda zake.

Upepo ulifika kabla ya tone la mvua. Ulitikisa mabati, ukapeperusha ule mchanga. Mke alinusa moshi. Alipotoka, makaa yalikuwa yametapakaa na nyasi zinawaka kuelekea ukuta wa mbao.

"Moto! Jamani, moto!"

Jirani yao, dada anayefanya kazi zimamoto, alikuwa mapumzikoni nyumbani kwake. Alikuja mbio huku akipiga simu kazini.

"Kuna mtu ndani?"

"Mama mkwe!"

"Huyo kwanza!"

Walimbeba ndani ya blanketi lake.

"Taratibu, mimi si gunia!" mama alifoka.

Majirani walileta ndoo za maji. Gari la zimamoto lilipofika na kuuzima moto, ukuta ulikuwa umeungua mpaka dirishani.

Fundi alirudi, akamkuta mama yake barazani kwa jirani.

"Lakini niliufukia!" alisema kwa uchungu.

"Shemeji, mchanga uliuficha tu," jirani alisema. "Makaa hukaa na joto humo chini muda mrefu. Upepo ukiyafukua, yanawaka upya."

"Nilitegemea mvua."

"Dhoruba mara nyingi hutanguliza upepo. Mvua yenyewe inaweza isifike."

"Sasa nifanyeje?"

"Siku ya ukavu na upepo, usichome kabisa. Siku nyingine, choma mbali na nyumba na usiondoke. Ukimaliza, mwagia maji, koroga majivu kwa koleo, mwagia tena. Pitisha kiganja juu yake bila kugusa. Ukihisi joto, rudia. Na nyasi za ukutani zifyeke."

Fundi alifyeka siku iyo hiyo. Maranda akaanza kumpa mfuga kuku, anayeyatandaza bandani.

Haukupita muda, redio ikatangaza tena upepo mkali. Safari hii Fundi alimhamishia mama yake chumba cha mbele mapema. Upepo ulivuma, mabati yakapiga kelele. Mke alitoka kunusa. Lilikuwa vumbi tupu. Alirudi ndani, akamkuta mumewe anazunguka chumbani kwa mama, hakai, hasimami.

"Pumzika, mwanangu," mama alimwambia.

"Nikipumzika, nani atasikiliza huu upepo?"

"Mkeo anausikiliza tangu zamani," mama alijibu. "Wewe msikilize yeye."