Mitungi ya Mlango wa Nyuma

Risasi ilipasua kioo cha nyuma cha gari.

Nyigu aliinamisha kichwa, akakata kona kali na kujichimbia kwenye gereji iliyojaa magari mabovu. Akazima injini. Pikipiki za genge zilipita zikinguruma.

Hazikurudi.

Akaifungua kompyuta aliyotoka kuwapora. Ilikuwa ya kaka yake, mchambuzi wa idara ya usalama, waliyempiga hadi akazimia. Sasa alikuwa amelazwa hospitali kuu, anapumulia mashine.

"Nyigu, umepata nini?" Mkuu aliuliza redioni.

"Wamenizidi ujanja, Mkuu. Faili la mitungi wameshalifuta."

"Basi tumekwisha. Mitungi ya gesi ya sumu imepakwa rangi ya mitungi ya oksijeni, na hatujui inakwenda wapi."

"Nipe muda."

"Muda uko wapi, binti?"

Kaka hakupenda programu za mbwembwe. Kila jambo aliliandika kwenye faili dogo la maandishi matupu, kisha akaliunganisha na mengine: mtu na gari lake, gari na njia yake. Nyumbani walimcheka kwa kazi hiyo. Nyigu alicheka kuliko wote.

Genge lilifuta faili moja tu. Mafaili mengine bado yalilitaja.

Akaiambia programu imwonyeshe yote yenye kiungo cha "mitungi".

*Fundi bomba: anabadilisha vali.*

*Gari la dobi: linaficha mitungi chini ya mashuka.*

Akafungua la dobi. Lilikuwa na kiungo kimoja.

*Mlango wa nyuma, hospitali kuu.*

Akawasha injini.

"Mkuu, ni hospitali! Alipolazwa kaka!"

"Simu yao haipokelewi. Wahi!"

Alipofika, gari la dobi lilikuwa limeshashusha mzigo. Fundi alikuwa ameinama, spana mkononi, anakaza bomba la kwenda wodini. Dereva akachomoa bastola.

Glock ya Nyigu ikamtangulia.

Dereva akaanguka, ameshika bega. Fundi akaachia spana.

"Dada, mimi nimetumwa tu!"

"Chomoa hilo bomba kwenye mtungi. La sivyo nitakutuma mimi, tena mbali."

Akalichomoa huku analia. Vali ya mtungi ilikuwa bado imefungwa; sumu haikuwa imetoka.

Nyigu akapanda ngazi mbio, akampita mlinzi, akasukuma mlango wa wodi.

"Anapumua?"

"Anapumua," muuguzi alisema. "Ila hajazinduka."

Nyigu akamshika kaka kidole cha mguu, kama alivyokuwa akimwamsha utotoni. Hakikutikisika.

"Nimeyasoma yote, kaka," akanong'ona. "Sicheki tena."

Redio ikakoroma. "Nyigu! Ripoti!"

"Mitungi iko mikononi mwetu. Dereva na fundi wako hai, njooni muwachukue."

"Na wewe?"

"Naenda kwa mama. Bado hajaambiwa."

Akazima redio, akavaa miwani ya jua, akashuka ngazi taratibu.