Macho ya Rangi ya Majivu

"Mimi macho meusi, wewe macho meusi, baba yako alikuwa na macho kama mbegu za papai. Haya ya majivu umeyaokota wapi?"

"Muulize Mungu, mume wangu."

"Nakuuliza wewe! Ng'ombe hazai punda."

"Leo nimekuwa ng'ombe," mshonaji akajibu, mtoto kifuani. "Sema taratibu, basi."

Hata kugombana waligombana kwa kunong'ona, maana walipopaza sauti, pedali ya cherehani kule kwenye kona ilicheza yenyewe. Mara moja tu, kama mguu wa mtu anayesubiri zamu yake. Mumewe, seremala, alikuwa ameifunga kwa kamba. Asubuhi kamba ilikuwa sakafuni.

Tena kulikuwa na harufu ya majivu yaliyomwagiwa maji. Kila jioni baba aliporudi kutoka kazini harufu ilikuja, na mtoto akapoa mwili, akakataa ziwa, akakodolea dari macho yake yale.

"Si damu yangu huyu," seremala akasema. Akabeba randa na msumeno, akaenda kulala karakana.

Usiku huo mtoto alinyonya mpaka jasho likamtoka kwenye paji la uso. Harufu haikuja. Pedali haikucheza. Mshonaji alidhani hata nyumba imeamua kumnyamazia. Alimaliza kushona kifungo cha shati la mumewe, akalilaza juu ya mto wake, upande ule mtupu wa kitanda, akalala akilitazama.

Siku chache baadaye bibi mkunga alikuja kumpima mtoto, akamkuta mama macho yamevimba. Aliposikia kisa akacheka mpaka akashika mbavu.

"Mwanangu, kitanda hakizai haramu! Sikiliza. Mtoto huchukua nusu kwa mama, nusu kwa baba. Rangi nyeusi ina nguvu. Ikikaa pamoja na hii ya majivu huifunika, na mtu huzeeka asijue kama anayo. Wewe unayo, imejificha. Mumeo anayo, imejificha. Mtoto akachukua ile ya kwako na ile ya kwake. Nyeusi ya kuifunika iko wapi? Ndiyo maana ya majivu imetoka nje."

"Kwa hiyo ni wake, bibi?"

"Macho haya ungempa peke yako? Tulia. Napita karakana nimweleze hilo jogoo lako."

Jua lilipozama mshonaji alisikia nyayo uwanjani. Alizijua: kandambili ya kulia ilikuwa ikiburuta. Akaruka, akafuta uso, akajitanda khanga vizuri.

Ndipo harufu ilipokuja, nzito kuliko siku zote, ikipanda kutoka chini ya kitanda hadi kooni mwake, na pedali ikaanza kucheza, polepole kwanza, kisha mbio kadiri nyayo zilivyokaribia, na mtoto mikononi mwake akapoa, midomo ikawa ya buluu, macho hayapepesi, na kutoka ndani ya kile kifua kidogo kisichovuta pumzi ikatoka sauti kavu ya mtu mzima, ikisema kwa upole, "Nililala kwa bibi zako, nililala kwa babu zake, nusu huku, nusu kule, hakuna aliyenijua. Nusu yangu moja umeibeba wewe. Nyingine inavuka uwanja. Mfungulie, niwe mzima."

Nje nyayo zilisimama kidogo, kama mtu anayepumzisha mzigo. Pedali ikasimama. Mtoto akavuta pumzi.

Nyayo zikaanza tena. Pedali nayo.

Hapo mshonaji akaelewa. Akasukuma komeo, akaufunga mlango.

"Mama mwanangu," seremala aliita nje ya mlango, sauti imelegea kwa aibu. "Mkunga kanieleza. Nilikuwa mjinga, nisamehe. Nimemletea kitanda. Nilikuwa nakichonga hata nilipokukasirikia. Fungua nimwone mwanangu."

Mshonaji aliweka kiganja kwenye mbao za mlango, pale sauti ilipotokea. Hakuna neno alilolililia zaidi ya hilo la mwisho. Katika mkono wake wa pili unyayo wa mtoto ulikuwa baridi kama jiwe la kisimani.

"Ulisema kweli, mume wangu," akajibu. "Mtoto si wako. Chukua kitanda chako, uende mbali."