Kipande Kilichoitwa "Machozi"

Kila Jumanne, masomo yakiisha, tulipanga viti katika chumba cha muziki na kufuta vumbi kwenye piano, huku rafiki yangu akikaza nyuzi za fidla yake. Tulimwita Twiga kwa urefu wake, naye aliitika bila kinyongo.

Jumanne ile sikuweza kumtazama. Zilibaki siku tatu kabla ya tamasha, na Twiga alipiga "Machozi" polepole mno, hata upinde ukamwishia kabla ya nota.

"We Twiga, unatuzika?" mpiga ngoma akamtania.

"Si umesikia habari ya yule mtoto? Nitaipigaje mbio?"

Habari ya mtoto niliitunga mimi. Mwalimu wa muziki alinituma maktaba nitafute asili ya jina "Machozi", nije kuieleza ukumbini. Nilifungua vitabu viwili, nikachoka, nikaandika kwamba mtunzi alifiwa na binti yake. Mwalimu alinisifu mbele ya wote.

Sasa alivua miwani. "Twiga, mwanangu, ukiendelea hivi itabidi nikutoe kwenye ratiba."

Twiga akainamisha kichwa. Alikuwa amejifunza kipande hicho kwa miezi mitano.

Nikisema, nitaaibika. Nikinyamaza, Twiga atatolewa.

"Mwalimu, hakuna binti aliyekufa. Nilitunga."

Twiga alinikazia macho. "Yaani wiki nzima nimelia bure?"

Mwalimu hakufoka. Alitutuma maktaba sote wawili, palepale. Katika kitabu cha tatu, ambacho sikukigusa, tulikuta nota zilezile. Juu yake mtunzi aliandika maneno mawili ya kuelekeza upigaji: "Kwa furaha." Nakala ya Twiga ilikuwa imekatwa hapo juu. Jina "Machozi" lilitiwa na mchapishaji, mtunzi akiwa ameshakufa. Kwa nini, kitabu hakikusema.

Ijumaa nilisimama ukumbini. Nilieleza hayo, nikamaliza: "Sababu ya jina hili hatuijui." Hakuna aliyecheka. Twiga akapiga, na watoto wa mstari wa mbele wakaanza kutikisa miguu.

Baadaye mwalimu alinishika bega. "Mchapishaji alibandika jina lisilofaa, nawe ukaliongezea hadithi. Aliyeumia ni mwenzako aliyekuamini. Siku nyingine usipojua, binti yangu, tafuta. Ukikosa, sema hujui. Hilo nami nitalisifu."