Hapa Pana Mtu

Yusto alirudi kutoka mwaloni, kwenye soko la samaki, mchana, akanawa mikono, akataka kukaa kwenye kochi karibu na mkewe. Adventina akawahi kuweka kiganja pale.

"Hapa pana mtu," alisema.

Yusto alicheka. Mwanamke katoka Dar es Salaam juzi tu, ana uchovu wa treni, mwache atanie. Lakini Adventina alikuwa ameziba mdomo kwa mkono.

"Sikutaka kusema hivyo, Baba Sara," alinong'ona. "Imetoka yenyewe."

Sisi watu wa Musoma treni ya abiria tunaisikiaga tu kwa waliosafiri. Reli yetu ni ile mistari michache pale bandarini, ya mabehewa ya mizigo yaliyokuwa yakipakiwa melini zamani. Kwa hiyo Adventina alipofika stesheni ya zamani ya Dar, ya reli iliyoanzwa na Wajerumani, alizubaa kweli kweli. Jirani linang'aa jengo jipya la treni ya umeme, vioo mpaka juu, lakini treni ya Mwanza ilikuwa inaondokea huku kwa zamani. Akapanda daraja la tatu, akapata kiti cha dirishani. Ndipo mwanamke aliyejifunga kaniki, nguo ambayo hata bibi zetu waliiacha, akamwita kutoka chini ya dirisha.

"Dada, nishikie nafasi. Nakuja."

Nani anakataa jambo dogo hivyo? Akatandika kanga yake kwenye kiti cha pili. Njia nzima aligombana na watu: hapa pana mtu, hapa pana mtu. Mama wa watu amesimama na mzigo toka Dodoma mpaka Tabora, amemnunia. Mwenye kiti hakutokea mpaka Mwanza, Adventina akapanda basi la kuja huku.

Sasa nyumba yao ya mtaa wa Kamunyonge ikaanza kunuka moshi wa makaa ya mawe na grisi, jiko likiwa limezimwa. Jioni honi ya treni ililia upande wa bandarini, ndefu, na majirani hawakuisikia. Yusto akahamia mkekani kwa sababu kitandani napo palikuwa na mtu. Yote hayo aliyavumilia. Lakini Sara, mtoto wao wa miaka minne, alipokuja na mikono juu ili apakatwe, mama yake akafunika mapaja kwa viganja, akasema maneno yale yale huku machozi yanamtoka. Sara aliondoka, akajikunyata nyuma ya mlango. Siku zikapita, Adventina hajamgusa mwanawe, na alihisi atakufa kwa hilo.

Yusto akamleta Mama Dafroza, mwombeaji wa mtaa wa Kigera. Alisali, akanyunyiza maji ya baraka, kisha akauliza habari ya safari.

"Bado unamshikia," alisema taratibu. "Mpe mtu mwingine ile nafasi, kwa mdomo wako, na yule mwanamke wa treni akisikia. Atatafuta kwingine."

"Nimpe nani?"

"Unayemtaka, mama."

Adventina akamwita Sara, na honi ikalia karibu mno safari hii, kama iko uani, na harufu ya makaa ikajaa chumba mpaka Mama Dafroza akakohoa, naye Adventina akiwa anang'ata midomo ili yale maneno mengine yasitangulie, akayasukuma haya moja moja mpaka yakatoka: "Hapa hakuna mtu. Njoo ukae, mwanangu."

Sara akapanda mapajani. Harufu ikakatika. Yusto aliinama akalia, mwanaume mzima, na Mama Dafroza akaanza kumshukuru Mungu.

Adventina alimkumbatia mtoto, akamnusa nywele, akambembeleza. Kisha miguu ikaanza kumuuma. Alijaribu kumsogeza kwenye goti la pili, hakusogea. Alikuwa mzito, mzito wa mtu mzima aliyesimama safari ndefu. Mtoto akamwegemea kifuani, akashusha pumzi.

"Asante kwa kunishikia, dada," alisema. "Watu walikuwa wengi sana."

Adventina alitaka kumsukuma, mikono ikakataa, maana mwili ule ulikuwa wa Sara, na kovu la Sara gotini.

Halafu nje, chini ya dirisha, sauti ndogo anayoijua ikamwita.

"Mama, nishikie nafasi na mimi. Nakuja."