Mfumo wa Tatu

Kila siku baada ya vipindi, klabu ya kompyuta ilikutana katika chumba kilicho nyuma ya ofisi ya walimu. Kiti cha dirishani kilikuwa cha Kipanga, na aliyethubutu kukikalia aliondolewa kwa kiwiko. Hakuna aliyempenda, lakini kwa kuandika programu hakuna aliyemfikia. Hata na binamu yake, mwanaklabu mwenzake aliyelala naye chumba kimoja nyumbani, hawakuwa wakisemeshana.

Muhula ule walitengeneza programu ya kuhifadhi insha za darasa la sita. Kompyuta za shule zilikuwa na mifumo endeshi tofauti, yaani programu kuu zinazoiendesha kompyuta yenyewe, na kila mfumo una mahali pake pa kuweka mafaili. Kwa hiyo waliweka masharti ndani ya msimbo, yale maandishi ya programu. Programu ilipokuwa ikitafsiriwa kuwa lugha ya mashine, kabla haijaanza kazi, masharti hayo yaliangalia: ukiwa mfumo wa kwanza, weka hapa, ukiwa wa pili, weka pale. Binamu akaongeza sharti la mwisho: ukiwa mwingine wowote, simama, useme mfumo huu siujui.

Kipanga alilifuta. Alisema huo ni woga. Akaandika badala yake: usio wa kwanza basi ni wa pili. Mwalimu wa klabu alipouliza kama programu imejaribiwa kwenye kompyuta zote, hata za maktaba, alijibu bila kupepesa macho kwamba imejaribiwa. Maktaba hakuwa amekanyaga.

Kompyuta za maktaba zilikuwa na mfumo wa tatu, unaofanana sana na wa pili. Programu ilikubali bila kulalamika, ikauhesabu kuwa wa pili. Darasa la sita wakaandika insha humo mchana kutwa, wakazima kompyuta, wakaenda zao. Asubuhi hapakuwa na insha hata moja. Katika mfumo ule, mahali zilipowekwa husafishwa kila kompyuta inapozimwa.

Darasa la sita walimzonga Kipanga kwenye mlango wa klabu. Msichana aliyeandika juu ya marehemu bibi yake alimtazama tu, akasonya. Kipanga akamnyooshea kidole binamu yake, kwamba masharti aliyaandika yeye.

"Nilichoandika mimi ulikifuta," binamu alisema. "Mwambie mwalimu, au nitamwambia mimi."

Mwalimu alikuwa nyuma yao. Alingoja mpaka Kipanga akasema kweli: sharti alilifuta yeye, na maktaba hakufika.

Hakuna aliyempa pole. Alirudisha sharti lile, akaandika na njia ya mfumo wa tatu, kisha akajaribu programu chumba kwa chumba, binamu akikagua kila mstari bila kumsemesha. Safari hii insha ya majaribio ilibaki hata kompyuta ilipozimwa. Zile za darasa la sita ilibidi ziandikwe upya, na Kipanga akatumwa kwenda kuwaomba radhi. Walimzomea.

Alipotoka, mwalimu alikuwa akimsubiri nje.

"Kutojua hakukuwa kosa lako," alimwambia. "Kosa ni kujibu kana kwamba unajua. Kwa sharti la binamu yako programu ingesema haijui, na insha zingekuwepo. Wamekuzomea kwa haki. Kesho utakuja, utafanya kazi, na nikikuuliza swali utanijibu kile ulichokiona kwa macho yako."