Kwa Nini Pikapu ya Mama Miche Ilitetemeka

Kila asubuhi Mama Miche alikuwa na kazi tatu kabla ya chai. Alimwagilia miche. Alipanga vikopo vya miche nyuma ya pikapu. Kisha alibembeleza injini.

Hiyo ya tatu ndiyo iliyomchosha. Aliwasha gari, akaweka mguu juu ya pedali ya mafuta na kuhesabu hadi mia. Akiondoa mguu mapema, injini ilikohoa, ikatetemeka, kisha ikazima. Gari likiwa mwendoni lilitulia. Likisimama tu huku injini inawaka, pikapu nzima ilitikisika. Vikopo viligongana na udongo ukamwagika. Wateja walimtania kwamba miche yake hufika imechoka kuliko dereva.

Bustani ile ilianzishwa na marehemu mumewe. Yeye ndiye aliyekuwa dereva na fundi wa nyumba. Alipofariki, mwaka mmoja na miezi miwili iliyopita, Mama Miche alijifunza kuendesha na kazi ikaendelea. Alibaki na bustani, pikapu na binti mmoja wa miaka kumi na tatu, aliyekuwa shule ya bweni. Baba yake alimwita Bosi, na jina likashika.

Kutoka nyumbani hadi kwa Bosi ni mwendo wa saa nne kupitia milimani. Basi la huko hupita Jumatatu na Alhamisi tu. Wazazi huruhusiwa kuwaona watoto Jumamosi moja kila muhula. Ukiikosa, unasubiri muhula mwingine, maana likizo fupi watoto hubaki shuleni.

Muhula uliopita Mama Miche aliikosa. Alikuwa amejaza kikapu, akavaa gauni jipya na kuondoka alfajiri. Mlimani akakuta lori limeharibika na magari yamesimama nyuma yake. Pikapu ikazima. Akawasha, ikazima tena. Alirudia hadi betri ikaisha. Jioni alirudishwa nyumbani akivutwa na trekta, na kikapu kiko pale pale kwenye kiti.

Baada ya wiki mbili ikaja barua ya Bosi. Ilikuwa fupi. “Mama, nilikaa getini mpaka wakafunga. Sijakasirika.”

Neno hilo la mwisho lilimuuma kuliko kurasa kumi za malalamiko. Alitamani kumwona mwanawe mchana na usiku. Wakati wa chakula alitoa sahani mbili, kisha akairudisha moja kabatini. Alipanga nguo za Bosi ambazo tayari zilikuwa zimepangwa. Sasa Jumamosi nyingine ya kutembelewa ilikuwa inakuja, zimebaki siku tisa, na pikapu ilikuwa bado inatetemeka.

Si kwamba hakutafuta msaada. Shemeji yake, mdogo wa marehemu, ni mtu mwema mwenye bisibisi mfukoni na haraka nyingi. Yeye alizungusha skrubu inayoongeza mwendo wa injini gari likiwa limesimama. Injini ikapiga kelele, mafuta yakaliwa, na mtetemo ukabaki vile vile. Fundi mmoja wa barabarani akaweka plagi nne mpya za kuwashia mafuta. Baada ya wiki moja hali ikawa ile ile. Wa tatu akaitazama kwa mbali, akasema inahitaji kabureta nyingine, kile chombo cha kuchanganya hewa na mafuta. Kila mmoja alitoa dawa bila kumpima mgonjwa.

Lakini na Mama Miche naye alikuwa na lake. Kando ya injini kuna bomba jeusi la mpira, unene wa kidole. Mpira huo ulikuwa umezungushiwa kipande cha kitambaa cha buluu na kufungwa kwa kamba ya kufungia miche. Kitambaa kilitoka kwenye shati la kazi la mumewe. Marehemu alikifunga kwa mikono yake asubuhi ile aliyokwenda hospitali, na hakurudi. Kila fundi aliyepeleka mkono pale aliambiwa, “Hapo ni pazima. Usipaguse.” Aliyasema kwa uso ambao hakuna aliyetaka kuuona mara mbili.

Nisimseme vibaya. Hata mimi nina koti la mtu kabatini ambalo siwezi kulitoa. Tofauti ni kwamba koti halizimi gari mlimani.

Siku hiyo, zikiwa zimebaki zile siku tisa, alikuja mteja wa miche ya michungwa. Alikuwa fundi mstaafu, aliyefundisha makanika chuoni kwa miaka mingi. Watu walimwita Masikio, kwa sababu hakushika spana kabla ya kusikiliza. Alisikia pikapu ikikohoa bandani, akaacha michungwa yake.

Hakufungua boneti. Alianza na maswali. Je, inatetemeka ikiwa baridi tu, au hata ikipata moto? Ikienda inatulia? Ilianza ghafla au pole pole? Mama Miche alijibu kwamba hata ikipata moto inatetemeka, ikienda inatulia, na ilianza pole pole tangu mwaka jana.

“Basi usinunue kitu chochote,” alisema Masikio. “Kwanza tujue inaumwa nini.”

Waliisukuma pikapu nje ya banda, kwa sababu moshi wa injini ndani ya chumba unaweza kuua mtu huku anadhani ni usingizi tu. Wakavuta breki ya mkono, wakaweka gia huru na kuzuia magurudumu kwa magogo. Masikio akamwomba Mama Miche afunge mtandio wake vizuri, usije ukavutwa na feni.

Shemeji naye akafika, na chupa ya petroli mkononi. Alikuwa amesikia kwamba ukimwagia petroli kwenye mipira ya injini utajua wapi pamepasuka. Masikio aliichukua ile chupa taratibu, akaipeleka mbali, nyuma ya tangi la maji.

“Petroli juu ya injini ya moto, bwana mdogo, ni kuunguza gari na wewe pamoja nalo,” alisema. Shemeji akacheka kidogo, kisha akaacha kucheka.

Wakaanza na vitu visivyo na gharama. Wakatoa chujio la hewa. Lilikuwa limejaa vumbi la udongo wa bustani, wakalisafisha, wakalirudisha na kuwasha gari. Injini ikavuta vizuri kidogo, lakini bado ilitetemeka. Wakaizima, wakaiacha ipoe, wakafungua plagi zote nne na kuzipanga juu ya gunia. Masikio akamwita Mama Miche azitazame mwenyewe.

“Zina rangi gani?”

“Nyeupe. Zote zimekuwa nyeupe.”

“Plagi yenye afya ina rangi ya hudhurungi. Ingekuwa moja tu imeharibika rangi, ningesema ubaya uko upande wa ile moja. Lakini zote nne ni nyeupe. Injini yako inapata hewa nyingi kuliko mafuta. Kuna hewa inaingia kwa mlango wa nyuma.”

Mama Miche akauliza kwa nini, kama ni hivyo, gari likienda linatulia. Swali hilo lilimfurahisha mzee. Akaeleza kwamba dereva akikanyaga mafuta, injini huvuta hewa nyingi, kwa hiyo ile kidogo ya wizi haina nguvu. Gari likisimama, injini huvuta hewa kidogo tu. Hapo ile ya wizi inatosha kuharibu mchanganyiko wote.

Walirudisha plagi, wakawasha. Masikio aliomba pampu ndogo ya kunyunyizia miche, akatia maji na sabuni kidogo. Akanyunyiza maungio ya mipira, moja baada ya jingine, akiziepuka nyaya za umeme. Alisema maji yakiziba tundu, injini yenyewe itatoa habari.

Mpira wa kwanza, injini haikubadilika. Wa pili, vile vile. Alipofika kwenye kitambaa cha buluu alimtazama Mama Miche, kama anayeomba ruhusa, kisha akanyunyiza. Injini ikatulia. Ilitulia kwa muda wa pumzi mbili, halafu ikaanza tena kutetemeka. Masikio akazima gari.

“Hapo ni pazima,” alisema Mama Miche, lakini safari hii sauti haikuwa na nguvu.

Mzee hakubishana naye. Aliuliza tu nani amefunga. Mama Miche akamweleza habari ya shati na ya asubuhi ile ya hospitali. Shemeji aliinamisha kichwa. Hata yeye alikuwa hajui habari ya kitambaa kile.

“Alifunga vizuri sana,” alisema Masikio. “Fundi anafunga hivi ili gari limfikishe leo na kesho. Hakukwambia atafanya nini baadaye?”

Alimwambia. Mama Miche alikuwa anakumbuka kila kitu. Mumewe alisimama mlangoni na mfuko wake, akasema, “Nikirudi nitanunua mpira mpya. Kitambaa hakitadumu.” Kwa mwaka mzima Mama Miche alikuwa ameishi na neno la kwanza tu, “nikirudi.” Hayo mengine alikuwa ameyaacha mlangoni.

“Nikikifungua,” alisema, na machozi yakamtoka mbele yao, “nitakuwa nimeondoa kitu cha mwisho alichokishika.”

“Siwezi kukuamulia, mama. Na mimi sikifungui. Kama kitafunguliwa, fungua wewe.”

Mama Miche alisimama pale hadi injini ikapoa. Alimkumbuka mumewe kwa hamu inayochoma, mbele ya wanaume wawili na miche mia tatu. Lakini mumewe hakuwa anamsubiri popote. Aliyekuwa anasubiri alikuwa na miaka kumi na tatu, na alikuwa ameandika “sijakasirika.” Akapiga moyo konde, akaanza kufungua fundo.

Kamba ilikuwa imeng'ang'ania. Kitambaa kilikuwa kimeloa mafuta na kulegea. Chini yake mpira ulikuwa na ufa wa urefu wa ukucha, na pembeni mwa ufa mpira umekuwa mgumu, unakatika ukiukunja. Alikitia kitambaa mfukoni na kumkabidhi Masikio ule mpira.

Shemeji, ambaye hakosi wazo, akapendekeza kukata kipande cha mpira wa kumwagilia bustani. Masikio akamwambia mpira wa maji hulainika kwa joto na mafuta, kisha hufyonzwa na kujibana, na tatizo linarudi kubwa zaidi. Akamtuma dukani na ule mpira wa zamani mkononi, alete mwingine wa injini, wa upana ule ule, na vibano viwili vya chuma.

Mama Miche aliufunga mpya mwenyewe, mzee akimwelekeza. Halafu Masikio akairudisha ile skrubu iliyokuwa imezungushwa na shemeji. Wakawasha. Mama Miche akaweka mguu kwenye pedali kama kawaida, akaanza kuhesabu.

“Toa mguu,” alisema Masikio.

Akautoa. Alikaza meno akingoja injini ife. Haikufa. Ilinguruma chini chini, sawasawa, na vikopo vya miche vikasimama wima bila kugusana. Alikaa pale muda mrefu asijue acheke au alie, na akafanya yote mawili.

Kabla ya kuondoka na michungwa yake, Masikio alimtaka arudie aliyojifunza. Mama Miche akasema: kusikiliza kwanza, kuuliza tatizo lilianza lini, kupima vya bure kabla ya kununua, kupapasa mipira yote injini ikiwa imezimwa na imepoa. “Na kutokumficha fundi kitu,” akaongeza mwenyewe.

Jumamosi ile ya kutembelewa aliondoka alfajiri. Mlimani magari yalisimama, safari hii kwa ajili ya ng'ombe. Pikapu ikasubiri pamoja naye, imetulia, hadi ng'ombe wa mwisho akapita. Alifika shuleni kabla ya saa nne asubuhi.

Getini hakumwona Bosi. Aliona watoto wengine wakiwarukia wazazi wao. Aliendesha taratibu hadi uwanjani, akitupa macho huku na huku, na ndipo akamwona. Alikuwa ameketi kwenye ngazi za bweni, mgongo ameupa geti, kichwa amekiinamisha. Amekua. Shingo yake imekuwa ndefu kama ya baba yake. Mama Miche alisimamisha gari hatua chache nyuma yake, akashuka bila kuzima injini.

“Bosi. Mbona hukukaa getini?”

Mtoto aligeuka taratibu, kama asiyeamini. Alisimama, akaja, akamkumbatia mama yake kiunoni, akabaki amemng'ang'ania vile vile. Baadaye ndipo aliposema kwamba muhula uliopita kuitazama barabara siku nzima kulimchosha macho. Leo aliamua kusikiliza tu. Gari lao angelijua hata katikati ya magari mia, kwa kutetemeka kwake, na hakulisikia likiingia.

“Limeingia mbele ya wote hawa,” alisema mama yake. “Limepona.”

Bosi alikwenda hadi kwenye pikapu. Aliweka kiganja juu ya boneti, akafumba macho, akasikiliza kwa muda.

“Mama,” alisema, “hivi ndivyo lilivyokuwa likinguruma baba alipokuwa akirudi nyumbani.”

Mama Miche alikuwa ameendesha saa nne nzima na hakuwa amelisikia hilo. Sasa alilisikia. Aliweka kiganja chake karibu na cha mwanawe, na ingawa mafuta yalikuwa yanateketea bure, hakuna kati yao aliyekwenda kuzima.